Keshi, kadi au apu: ukisafiri nje hela yako uibebeje?

Kila mtu akishakata tiketi ya kwenda nje swali linalofuata ni hili, nibebe keshi au kadi inatosha? Na majibu yanakuja ya aina mbili, kuna kundi la "beba dola zako, kadi zinazingua" na kuna kundi la "siku hizi nani anatembea na keshi". Wote wanasema kweli, shida ni kwamba kila mmoja anasimulia nchi aliyoenda yeye. Aliyetoka Sweden atakuapia hakugusa noti safari nzima, na aliyeenda Cuba na kadi ya benki ya Marekani ana hadithi nyingine kabisa. Kwa hiyo hapa nalinganisha njia zote kwa maswali mawili, inakukata kiasi gani kimya kimya, na siku ikigoma unabaki na nini mkononi. Mengine yataingia humo humo.

Tuanze na reti maana hapo ndipo watu wanapigwa bila kujua. Kila sarafu ina bei ya katikati, ile unayoiona ukitafuta Google, ndiyo wanayouziana mabenki wenyewe kwa wenyewe. Mimi na wewe hiyo hatuipati, tunapewa iliyosogezwa kidogo, na huko kusogezwa ndio faida ya anayekubadilishia. Sasa bureau ikiandika mlangoni kwamba haichukui kamisheni usidhani wanafanya kazi ya sadaka, kamisheni wameificha ndani ya reti. Kupima ni rahisi tu, angalia ubao, soma bei ya kununua na bei ya kuuza. Kama wananunua dola kwa 95 na wanauza kwa 105, wape dola 200 watakupa 19,000, geuka hapo hapo na hizo 19,000 uombe dola zako, utapata kama 181. Dola 19 zimekwenda na bado hujatoka mlangoni! Pengo likiwa dogo, tuseme 99 na 101, hao ndio wa kufanya nao kazi. Zile za airport kwa kawaida pengo lake ni pana, wanajua umeshuka sasa hivi huna hata nauli ya teksi kwahiyo utakubali tu.

KESHI

Uzuri wa keshi unajulikana, haitaki network, haitaki namba ya siri, na mtu anayeuza vitu barabarani hawezi kukuambia mashine yake haisomi. Kuna nchi keshi ndiyo njia pekee. Urusi tangu Machi 2022 Visa na Mastercard walisimamisha kazi, kadi iliyotolewa nje haifanyi kitu kule, Iran nayo hivyo hivyo kwa miaka mingi. Na kuna nchi ambazo zinakuwa na reti mbili, ya serikali na ya mtaani, Argentina ilikaa hivyo kwa miaka kadhaa, aliyebeba dola za noti akawa anapata zaidi kuliko aliyelipa kwa kadi, mpaka mwisho wa 2022 kadi za wageni zilipoanza kupewa reti ya karibu na ile ya mtaani. Kwahiyo kabla hujaamua chochote jua kwanza nchi unayokwenda iko kundi gani, hii sio kitu cha kubahatisha.

Ubaya wake pia unajulikana, ikiibiwa imeibiwa, hakuna namba ya kupiga. Ila kuna ubaya mdogo mdogo ambao watu hawausemi. Dola zako ziwe safi. Noti iliyochanika, yenye muhuri au mtu kaiandikia kalamu, bureau nyingi nje ya Marekani zinairudisha, na zile za zamani zenye kichwa kidogo zinakataliwa au unapewa reti ya chini, ingawa serikali ya Marekani yenyewe inasema noti zake zote bado ni halali. Utabishana na nani pale dirishani? Halafu noti ya 100 mara nyingi inapata reti nzuri kuliko ya 10 au 20, lakini hiyo 100 ndiyo dereva wa teksi usiku hana chenji yake. Changanya.

Noti za kurithi kwenye droo nazo uziangalie. Pauni za karatasi za 20 na 50 za Uingereza ziliacha kupokelewa madukani baada ya tarehe 30 Septemba 2022, na Uswisi noti za toleo la nane ziliisha mwisho wa Aprili 2021. Benki kuu zao bado zinabadilisha, hela haijapotea, ila nani anataka kuanza safari kwa kupanga foleni benki kuu.

Na kama unabeba nyingi, Umoja wa Ulaya ukiwa na yuro 10,000 au zaidi unatakiwa kutangaza forodhani, Marekani ni zaidi ya dola 10,000. Watu wanaogopa bure. Kutangaza sio kosa na hulipi kodi kwa sababu umetangaza, kosa ni kunyamaza, wakikukuta nazo wanaweza kuzishikilia na hapo safari inageuka kesi.

Kingine kuhusu keshi ya ugenini ni kwamba macho hayajaizoea. Vietnam noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu na zote ni za plastiki. Umechoka, ni usiku, teksi ina taa mbovu, unatoa ya 500,000 ukidhani ni ya 20,000, umelipa mara 25. Dawa yake ni kutenganisha tu, kubwa zikae mfuko mwingine. Na Kuwait dinari moja ina fils 1,000, kwahiyo bei ikiandikwa 1.500 ni dinari moja na nusu, sio elfu moja mia tano, wala usishtuke.

KADI KWENYE ATM

Mimi kwa nchi nyingi naona kutoa hela ATM ukishafika ndio njia nzuri ya kupata keshi kuliko kubadilisha, kwa sharti kwamba unajua wanaokukata ni nani. Wako watatu. Benki yako, ambayo kwa kawaida inaweka asilimia kwa muamala wa nje na pengine ada ya kudumu juu yake. Mwenye mashine, ambaye anaweza kuweka ada yake. Na wa tatu ni ile reti, nitaifikia sasa hivi maana hiyo ina mtego wake.

Ada ya kudumu ndiyo inafanya kutoa kidogo kidogo kuwe ghali. Chukulia benki inakata 5 kila ukitoa pamoja na asilimia 3. Ukitoa 50 unakatwa 6.50, hiyo ni asilimia 13 ya hela yako. Ukitoa 300 kwa mkupuo unakatwa 14, haifiki hata asilimia 5. Wanaotoa 50 kila siku kwa kuogopa wizi wanaibiwa taratibu na benki yao wenyewe, bora utoe ya siku kadhaa, nyingine iache chumbani ndani ya sefu.

Mashine nayo uchague. Iliyobandikwa kwenye ukuta wa tawi la benki, saa za kazi, ndiyo ya kwenda, ikimeza kadi unaingia ndani unaongea na mtu. Zile za pembeni kwenye maduka ya watalii na vituo vya treni ambazo hazina benki nyuma yake ndizo zenye ada kubwa. Kuna nchi lakini hali inageuka, Japani ATM nyingi za benki za kawaida hazikubali kadi za nje wakati zile za ndani ya maduka ya 7-Eleven na za posta zinakubali vizuri tu. Na angalia mashine inatoa nini kwanza. Nyingine zinarudisha kadi ndipo hela itoke, nyingine hela inatoka kwanza, na mtu aliyezoea ya kwanza akifika kwenye ya pili anakumbatia noti zake anaondoka, kadi imebaki inalia.

Namba ya siri iwe ya tarakimu nne na uikumbuke kwa namba, sio kwa herufi, maana vibonye vya nchi nyingi havina herufi. Kama benki yako ilikupa ya tarakimu sita waulize kabla.

ILE SKRINI

Hii nataka niiseme taratibu kwa sababu inapatikana ATM, dukani, hotelini, kila mahali, na ndio sehemu ambayo mtu mwenye kadi nzuri kabisa anapigwa sawa na mwenye kadi mbaya.

Unaweka kadi, mashine inatambua kadi ni ya nchi gani, inakuuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya nyumbani kwako au ya nchi uliyopo. Inakuonyesha kiasi kamili kwa sarafu yako, inakuambia reti hii imehakikishwa, hutapata mshangao. Moyo unalainika, maana ndio hela unayoielewa. Usikubali! Hapo anayebadilisha ni mwenye mashine na reti anaipanga yeye, inaweza kuzidi ya katikati kwa asilimia kadhaa, hata kupita 10. Ukichagua sarafu ya pale ulipo, kazi ya kubadilisha inafanywa na Visa au Mastercard, na reti zao za kila siku wanaziweka wazi kwenye tovuti zao, unaweza kuhakiki mwenyewe, huwa zinakaa karibu sana na ya katikati.

Ujanja uko kwenye maneno. Kibonye cha kukubali kinakuwa kikubwa cha kijani, cha kukataa kimeandikwa kitu kama "endelea bila kubadilisha" au "kataa", na mtu anaona akibonyeza kataa muamala wote utafutwa, hela haitatoka, foleni nyuma inakohoa. Haufutwi. Bonyeza kataa, mashine inawaza kidogo, hela inatoka kama kawaida. Mashine nyingine inakuuliza mara ya pili, una uhakika? Una uhakika.

Dukani ni mbaya zaidi maana wakati mwingine mhudumu anakuchagulia, anakuletea mashine tayari imefika kwenye namba ya siri. Kabla hujaingiza namba soma sarafu iliyoandikwa kwenye skrini. Kama ni ya kwenu mwambie afute aanze upya kwa sarafu ya pale, ni haki yako, na ukishasaini au kuweka namba kurudi nyuma ni kazi. Ulaya kuanzia 2020 sheria inawataka waonyeshe asilimia waliyoongeza juu ya reti ya Benki Kuu ya Ulaya, kwahiyo kule ukisoma maandishi madogo unaikuta. Na tovuti za kukata tiketi na hoteli zinafanya hivyo hivyo, ile bei inayojigeuza yenyewe kuwa sarafu ya kwenu ili iwe rahisi kwako. Rahisi kwako, sawa.

Kuna kitu kingine cha kuudhi, benki nyingine zinakata ada ya muamala wa nje hata kama ulikubali kulipa kwa sarafu ya nyumbani, kwa sababu tu duka liko nje. Hapo umelipa mara mbili.

KADI YA DEBITI AU YA MKOPO

Watu wanazichukulia sawa kwa sababu zote zina Visa au Mastercard mbele. Tofauti unaiona hotelini na kwenye kukodi gari. Wale wanazuia hela kwanza kama dhamana, tuseme 200 au 500. Kwenye kadi ya mkopo inazuiwa nafasi ya mkopo wako, wala huhisi kitu. Kwenye debiti inazuiwa hela yako ya kula, na baada ya kurudisha gari inaweza kuchukua siku kadhaa, mara nyingine wiki na zaidi, kuachiliwa. Kwa mwenye akaunti isiyo na salio kubwa hiyo peke yake inatosha kuharibu safari. Na kampuni nyingi za magari hazipokei debiti kwa dhamana kabisa, wanataka ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe, sio la mume wala la rafiki aliyekaa pembeni.

Upande wa wizi pia ya mkopo inashinda. Debiti ikiibiwa namba, hela imetoka kwako na wewe ndiye unayeifuatilia irudi, ya mkopo mnabishania hela ya benki. Marekani hata sheria inatofautisha, kwenye kadi ya mkopo mwenye kadi hawezi kubebeshwa zaidi ya dola 50 kwa matumizi ya wizi, kwenye debiti ni 50 ukiripoti ndani ya siku mbili za kazi, ukichelewa zaidi ya hapo inaweza kufika 500, na ukipitisha siku 60 tangu upewe taarifa ya akaunti inaweza kuzidi hata hiyo. Nchi nyingine zina sheria zake ila mwelekeo ni huo.

Lakini ya mkopo kwenye ATM usiiguse. Kutoa keshi kwa kadi ya mkopo kunahesabiwa kama umekopa hela taslimu, kuna ada yake maalum na riba kwa kawaida inaanza siku hiyo hiyo bila ule muda wa kusubiri unaoupata ukinunua kitu. Kwahiyo ya mkopo kwa hoteli, gari, tiketi na vitu vikubwa, debiti kwa kutoa keshi.

KADI ZA APU

Hizi za Wise, Revolut na wenzao, unaweka hela, unabadilisha ndani ya simu kwa reti iliyo karibu na ya katikati, unalipa kwa kadi yao. Kwa upande wa makato ndizo zinaongoza, sioni ubishi hapo, kadi ya benki ya kawaida yenye asilimia 3 haiwezi kushindana nazo. Unaweza kuifunga kadi sekunde hiyo hiyo ukiona haipo mfukoni, unaifungua ukiikuta chini ya kitanda, na nyingi zinakupa namba ya kadi ya muda kwa ajili ya kulipia tovuti usiyoiamini.

Ila kuna mambo. Kwanza hazipatikani nchi zote, angalia kama ya kwenu ipo kabla hujaanza kuota. Kutoa keshi ATM kuna kikomo cha bure kwa mwezi, ukikipita wanakata. Soko la sarafu linafungwa Ijumaa usiku mpaka Jumapili usiku, na baadhi yao wanaongeza asilimia wikiendi kujilinda, kwahiyo mwenye safari ya Jumamosi abadilishe Alhamisi. Halafu zikikushuku zinafunga akaunti kwanza maswali baadaye, na wa kuongea naye ni chati ndani ya simu. Tawi hakuna. Ndio maana naipenda sana hii njia lakini siwezi kumshauri mtu aende nje nayo peke yake. Kwenye dhamana ya gari nayo mara nyingi wanaikataa wakiona ni ya kujaza hela.

SIMU KAMA POCHI

Hapa kuna vitu viwili tofauti. Kimoja ni Apple Pay na Google Pay, ambayo ni kadi yako ile ile imeingia kwenye simu, duka halipati namba halisi ya kadi, usalama ni mzuri, makato ni yale yale ya kadi iliyo ndani. Betri ikiisha imeisha, ndio udhaifu wake. Kitu kidogo cha London, usafiri wa kule unahesabu kikomo cha nauli kwa siku kwa kila kadi, ila simu na plastiki vinahesabiwa kama watu wawili hata kama kadi ni moja. Asubuhi ukigusisha simu, gusisha simu mpaka jioni.

Kingine ni pochi za nchi husika. China bila Alipay au WeChat Pay utahangaika, na tangu 2023 zote zinakubali kuunganishwa na Visa au Mastercard ya nje. Alipay malipo ya mpaka yuan 200 hayana ada, yakizidi wanakata asilimia 3, kwahiyo vitu vidogo lipa nayo bila wasiwasi, hoteli lipa kwa kadi kama wanapokea. Brazil kuna Pix tangu 2020, India kuna UPI, Kenya kuna M-Pesa tangu 2007, na hizi kwa kawaida zinataka usajili wa mle ndani, laini ya pale au akaunti ya pale. Kwa mtu wa siku nne haina maana sana, kwa anayekaa miezi miwili ni kitu cha kwanza kufanya akishapata laini.

Na tukiwa kwenye laini, hiki ndicho kinachowakwamisha watu wengi kuliko wizi. Unalipia kitu mtandaoni, benki inatuma namba ya kuthibitisha kwa meseji, meseji inakwenda kwenye laini ya nyumbani, na laini ya nyumbani umeitoa umeweka ya kule. Kadi nzima, hela ipo, haulipi. Acha laini ya nyumbani kwenye simu ikiwa na romingi ya meseji, ya kule iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka, au uweke kwenye tundu la pili, au kama benki inaruhusu hamisha uthibitisho uwe ndani ya apu kabla hujaondoka. Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani, kuhamisha mara nyingi kunahitaji hiyo hiyo meseji.

HESABU YA PAMOJA

Tuseme unahitaji kitu cha thamani ya 300 kwa reti ya katikati. Viwango ni vya mfano, weka vya benki yako uone:

Bureau ya airport inayokuuzia kwa asilimia 10 juu ya reti ya katikati – umetoa 330.
ATM kwa debiti, asilimia 3 na ada ya 5, umekataa kubadilishiwa – 314.
ATM hiyo hiyo, umekubali kubadilishiwa kwa asilimia 10 – 335, na kama benki yako ni ya wale wa kukata mara mbili inakaribia 345.
ATM kwa kadi ya mkopo, asilimia 3, ada ya keshi asilimia 4 na 5 ya mashine – 326 na riba inaendelea kutembea.
Kulipa dukani moja kwa moja kwa kadi isiyo na ada ya nje – 300 na chenji kidogo.

Angalia wa pili na wa tatu, kadi moja, mashine moja, tofauti ni kibonye.

Kutumiwa hela kwa Western Union au MoneyGram sikuiweka kwenye hesabu maana hiyo ni ya dharura, makato yake yanategemea nchi na haraka yako. Ila kama mlango wa nyuma ni nzuri sana, umeibiwa vyote, mtu wa nyumbani anatuma, unakwenda na pasipoti na ile namba ya muamala unachukua. Sharti jina alilotuma lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, wale wanaokujua kwa jina la utani wasiandike hilo. Na pasipoti ndiyo iliyoibiwa? Ndio maana haikai begi moja na hela. Hundi za wasafiri, ambazo American Express walianza kuzitoa 1891, kama kuna mzee bado anakushauri uzibebe mshukuru tu, siku hizi kumpata wa kuzipokea ndio safari yenyewe.

SASA UCHUKUE IPI

Mtu wa siku chache mjini, nchi inayotumia kadi kila kona: kadi ya apu au yoyote isiyo na ada ya nje kama ndiyo kuu, ya mkopo kwa hoteli, na keshi ya pale ya kutosha teksi na siku moja. Ujerumani ongeza keshi kidogo, kuna migahawa mpaka leo inakuonyesha kibao cha keshi tu.

Unayekwenda vijijini au nchi ambayo umeme na network ni za kubahatisha: dola au yuro safi za noti mchanganyiko, badilisha mjini kwa awamu, debiti iwe ya akiba. Mwanafunzi au mfanyakazi wa miezi mingi: fungua akaunti au pochi ya kule haraka iwezekanavyo, njia nyingine zote ni za kuvukia tu. Familia: kila mtu mzima awe na kadi yake kutoka benki tofauti, maana kadi mbili za akaunti moja benki ikifunga zimekufa zote, na ndio kosa naliona kwa wengi, baba ana kadi, mama ana kadi, akaunti moja.

Ukinilazimisha nichague moja, nachagua debiti yenye makato madogo, kwa sababu inalipa na inatoa keshi. Lakini nisingetoka nje ya nchi bila kadi ya pili ya benki nyingine imelala sehemu tofauti na ya kwanza, pamoja na dola mia moja au mbili ambazo hazihesabiwi kwenye bajeti. Marekani kwenye pampu za mafuta mashine inaweza kukuuliza namba ya posta ya kwao, kadi ya nje haina, unaingia ndani kumlipa mhudumu, ni vitu vidogo hivyo ambavyo kadi ya pili au noti mbili tatu zinavimaliza.

Mwisho ile hela inayobaki. Bureau hazipokei sarafu za chuma, noti tu, kwahiyo siku mbili za mwisho anza kumwaga chuma kwanza. Noti ndogo wape mapokezi ya hoteli, waambie unalipa kiasi hiki kwa keshi na kilichobaki kwa kadi, wengi wanakubali. Na kama uko nchi ambayo sheria inakataza kutoka na sarafu yao, Tunisia kwa mfano dinari haitakiwi kuvuka mpaka, tunza risiti za ulikobadilishia na uzibadilishe kabla hujapita ukaguzi.